Skrini ya fokasi huchaguliwa kwa lenzi, na haijafungwa mpaka ipimwe

Mhariri,

Ninaandika kuhusu makala ya upigaji picha katika ukurasa wako wa teknolojia, ile iliyowashauri wasomaji wanaotumia lenzi za kufokasi kwa mkono kwenye kamera za kisasa wanunue skrini ya fokasi (bamba dogo ndani ya kamera ambalo picha hutua juu yake ili mpiga picha aione) yenye duara la kukata picha katikati, yaani alama ya prizimu inayoonyesha mistari imekatika fokasi isipokaa, waipachike, kisha waendelee na kazi zao. Nashukuru kwamba gazeti limeligusa jambo hili, kwa kuwa wanaolizungumzia ni wachache na wanaosumbuka nalo ni wengi. Hata hivyo, ushauri huo umeruka mambo mawili ambayo kwa maoni yangu ndiyo kiini cha suala zima. La kwanza ni kwamba skrini huchaguliwa kwa kuangalia lenzi itakayotumika, wala si kwa kuangalia alama iliyowekwa katikati yake. La pili ni kwamba kazi haiishi skrini inapoingia mahali pake, maana skrini iliyofungwa bila kupimwa inaweza kumpotosha mpiga picha kuliko ile aliyoitoa.

Ili nieleweke, sina budi kueleza kwa ufupi kinachotokea ndani ya kamera. Mwanga ukishapita kwenye lenzi hukutana na kioo cha kuakisi kilichoinama nyuzi 45, ambacho huugeuza kuelekea juu, nao huchora picha kwenye skrini ya fokasi. Juu ya skrini kuna prizimu inayoisimamisha picha hiyo sawasawa kabla haijafika jichoni. Mpiga picha anayechungulia kwenye dirisha la kutazamia, basi, haoni kitu kilicho mbele yake moja kwa moja, bali huona picha ya kitu hicho iliyotua juu ya skrini. Mpangilio huu una maana pale tu ambapo umbali kutoka mdomo wa kamera, yaani mahali lenzi inapofungwa, hadi kwenye skrini, kwa kupitia kioo, unalingana kabisa na umbali kutoka mdomo huo hadi kwenye filamu au sensa, yaani kihisi kinachoinasa picha katika kamera ya dijitali. Katika kamera za Nikon zenye mdomo wa F umbali huo ni milimita 46.5, na katika kamera za Canon zenye mdomo wa EF ni milimita 44. Sehemu ndogo sana ya milimita ikiongezeka au kupungua upande mmoja, kinachoonekana kikali jichoni hakitakuwa kikali kwenye picha.

Sasa nije kwenye sababu inayowafanya watu wengi wakose fokasi wanapofunga lenzi ya f/1.4 (namba ya f hupima apecha, yaani tundu la lenzi linaloingiza mwanga; namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) kwenye kamera ya kisasa, sababu ambayo makala yako iliiweka kwenye udhaifu wa macho. Macho mara nyingi hayana hatia. Kamera zenye fokasi ya kujiendesha zilipoenea, wanunuzi wengi walianza kutumia lenzi za kuvuta ambazo apecha yake ya juu kabisa ni f/3.5 hadi f/5.6, nazo huingiza mwanga mdogo. Zaidi ya hapo, kioo cha kuakisi cha kamera hizo hupitisha sehemu ya mwanga kuelekea chini, kwenye vihisi vya fokasi, na hivyo kuipunguzia skrini mwanga wake. Watengenezaji walilitatua tatizo la giza kwa kutumia skrini zenye uso laini uliojaa vijilenzi vidogo mno, ambao hautawanyi mwanga sana bali huupeleka karibu moja kwa moja hadi jichoni. Picha ikawa angavu na ya kupendeza. Gharama yake ni kwamba miale inayotoka pembezoni mwa lenzi yenye tundu kubwa, ile inayoingia kwa pembe pana, haifiki kabisa jichoni. Skrini ya namna hiyo humwonyesha mtazamaji picha kana kwamba lenzi imefungwa hadi kwenye f/2.8 au karibu na hapo, hata kama tundu lake limefunguliwa hadi f/1.2.

Msomaji anaweza kulithibitisha hili mwenyewe bila kutumia fedha yoyote. Achukue lenzi yenye pete ya apecha kwenye kamera isiyoifunga yenyewe, au atumie kitufe cha kuonja kina cha fokasi (masafa ya mbele na nyuma ambamo vitu huonekana vikali) ikiwa kamera yake inacho, aelekeze kamera kwenye ukuta wenye mwanga wa kutosha, kisha aifunge apecha polepole kutoka f/1.4 kwenda f/2, halafu f/2.8, halafu f/4, huku akiwa anachungulia. Kwenye skrini ya kawaida ya kamera ya fokasi ya kujiendesha hataona giza likiongezeka mpaka avuke eneo la f/2.8. Mwanga uliopunguzwa kati ya f/1.4 na f/2.8 ni robo tatu ya mwanga wote, na jicho halikuukosa kwa sababu halikuwa likiupata tangu mwanzo.

Matokeo yake yanahesabika. Kwa lenzi ya milimita 50 kwenye kamera ya fremu kamili (yenye sensa ya ukubwa wa filamu ya milimita 35), kitu kikiwa umbali wa mita 1, na tukikubali kipimo cha kawaida cha ukungu, yaani doa kubwa kuliko yote ambalo jicho bado hulihesabu kuwa nukta kali, cha milimita 0.03, kina cha fokasi kwenye f/1.4 ni kama sentimita 3 tu kwa jumla, ilhali kwenye f/2.8 kinazidi sentimita 6. Mpiga picha anatazama picha yenye sentimita 6 za ukali, anaridhika, anabonyeza, na kamera inaandika picha yenye sentimita 3. Aliyelenga jicho anapata sikio, na hakuna mazoezi yatakayomwokoa, kwa sababu taarifa anayoihitaji haimo ndani ya dirisha analochungulia.

Kuna jambo jingine linalosemwa mara chache zaidi. Uso unaotawanya mwanga vizuri hulipa jicho mahali pa kutua, yaani jicho hulenga kwenye skrini na kuhukumu picha iliyo juu yake. Uso usiotawanya mwanga huliacha jicho litazame picha inayoelea hewani, na jicho lenye afya, hasa la kijana, hujirekebisha lenyewe kuifuata picha hiyo mbele au nyuma ya skrini. Mtu huona ukali ambao jicho lake limeutengeneza, wala lenzi haijauleta. Ndiyo maana naona si haki kumwambia kijana aliyekosa fokasi kwamba macho yake ni mabovu. Wakati mwingine amekosa kwa sababu macho yake ni mazuri mno. Hapohapo niseme kwamba kirekebisho kidogo kilicho kando ya dirisha la kutazamia lazima kiwekwe sawa kabla ya hatua nyingine yoyote, na kiwekwe kwa kutazama mistari au alama zilizochorwa kwenye skrini, lenzi ikiwa imetolewa au ikiwa nje ya fokasi kabisa. Wengi hukirekebisha kwa kutazama mandhari iliyo mbele yao, na kwa kufanya hivyo wanalizoesha jicho kuiacha skrini.

Kwa misingi hii, swali la kwanza la mnunuzi linapaswa kuwa: ni lenzi zipi nitakazozitumia kwa mkono, na apecha zake ni zipi? Mwenye lenzi za f/1.2, f/1.4 au f/2 anahitaji skrini ya ukungu mkavu, yenye chembe zilizo wazi na zinazotawanya mwanga kwa pembe pana. Canon iliuza skrini za aina hiyo kwa baadhi ya kamera zake za dijitali: Ee-S kwa EOS 5D ya mwaka 2005, Eg-S kwa 5D Mark II na 6D, na Ef-S kwa 40D, 50D na 60D. Kampuni yenyewe ilishauri zitumike na lenzi za f/2.8 au zenye tundu kubwa kuliko hapo, na ushauri huo ni wa kweli, kwani kwa lenzi ya f/4 dirisha huanza kuwa la giza, na kwa f/5.6 chembe za skrini huonekana kuliko mandhari. Mwenye kutumia zaidi lenzi za kuvuta zenye tundu dogo, na kufokasi kwa mkono mara mojamoja tu, abaki na skrini aliyonayo. Sisemi hivi kwa kumkatisha tamaa. Skrini ya ukungu mkavu ingemharibia matumizi ya kila siku kwa ajili ya faida ambayo lenzi zake haziwezi kuitumia.

Ndipo tunapofika kwenye duara la kukata picha, ambalo makala ililisifu kana kwamba ndilo tiba yenyewe. Duara hilo ni prizimu mbili ndogo zenye umbo la kabari zilizoelekezwa pande tofauti; kila moja huchukua miale kutoka upande mmoja wa lenzi, na fokasi isipokuwa sawa, mstari ulionyooka huonekana umekatika na vipande vyake vimesogezeana. Fokasi ikikaa, vipande huungana. Ni kifaa cha haraka, na kwa lenzi pana kama ya milimita 28 au 24, ambazo picha yake kwenye ukungu hubadilika kidogo mno fokasi inaposogea, ndicho kinachosaidia kuliko vyote. Lakini kina mipaka yake. Kinahitaji mstari wa kukata: prizimu zilizogawanywa kwa mlalo hutaka mstari uliosimama wima, na zilizogawanywa kwa mshazari wa nyuzi 45 hukubali wima na mlalo pia, jambo linalozifanya nizipendelee. Uso wa mtoto, manyoya au majani yaliyosongamana hayatoi mstari kama huo. Kwa lenzi ya f/5.6 au yenye tundu dogo zaidi, nusu moja ya duara huwa nyeusi, na huwa nyeusi mapema zaidi kadiri kabari zinavyokuwa kali. Kabari kali ndizo sahihi zaidi, kwa hiyo hakuna njia ya kupata usahihi wa juu kwa lenzi zenye tundu kubwa bila kupoteza matumizi kwa zile zenye tundu dogo. Pete ya prizimu ndogondogo inayolizunguka duara hilo katika skrini nyingi, ambayo humetameta picha isipokuwa kwenye fokasi, haidai mstari, lakini nayo huingia giza kwa sababu ileile.

Kasoro iliyo kubwa kuliko zote machoni pangu ni kwamba duara limekaa katikati. Mpiga picha wa nyuso hulenga jicho, na jicho ni nadra kuwekwa katikati ya picha. Analazimika kufokasi katikati kisha kuigeuza kamera ili apange picha, na kwa lenzi ya f/1.4 iliyo karibu na mtu, mgeuko huo peke yake unatosha kuliondoa jicho kwenye zile sentimita 3. Skrini ya ukungu mkavu hufokasi popote kwenye uso wake. Ipo pia sababu ya kifizikia inayonifanya niegemee upande wa ukungu: lenzi nyingi za zamani zenye tundu kubwa hazikusanyi miale ya katikati na miale ya pembezoni mahali pamoja, kwa hiyo mahali pa ukali mkubwa kwenye f/1.2 panatofautiana kidogo na mahali pake kwenye f/2.8. Kabari za prizimu husoma sehemu fulani tu za lenzi, na skrini laini husoma sehemu yake ya kati. Skrini ya ukungu mkavu ndiyo inayokaribia kuisoma lenzi yote kama filamu au sensa itakavyoisoma. Atakayetaka vyote viwili anaweza kutafuta skrini iliyo na duara katikati na ukungu mkavu pande zote, lakini achunguze huo ukungu kwanza. Duara lililozungukwa na uso laini wa kisasa humpa mtu sehemu moja ndogo ya ukweli.

Upatikanaji wa skrini hutegemea kamera, na hapa nitapita upesi. Kamera za kitaalamu za zamani kama Nikon F3 ya mwaka 1980 zilikuwa na skrini za aina nyingi, zikiwemo aina ya K yenye duara na pete, aina ya B ya ukungu mtupu, na aina ya E yenye mistari ya gridi, na kuzibadilisha ni suala la kuondoa prizimu ya juu na kuinua fremu. Olympus OM-1 ilibadilishwa skrini kupitia mdomo wa lenzi. Katika kamera za dijitali hali ni mchanganyiko: Canon 5D Mark II iliruhusu mtumiaji kubadilisha mwenyewe, ilhali 5D Mark III haikukusudiwa hivyo. Kwa kamera zisizokuwa na skrini rasmi, watu huchukua skrini ya kamera nyingine, kwa mfano ya K3 iliyotengenezwa kwa ajili ya Nikon FM3A, na kuikata iingie. Njia hiyo inafanya kazi, na nawaheshimu wanaoifanya kwa uangalifu, lakini mnunuzi wa skrini iliyokatwa aelewe kwamba unene wake huenda usiwe ule wa skrini ya mwanzo, na kwamba ukingo uliokatwa vibaya huifanya ikae upande.

Kabla sijafika kwenye ufungaji, naomba nitaje kipima mwanga, ambacho makala haikukigusa kabisa. Katika kamera nyingi kipima mwanga kimewekwa juu, karibu na prizimu, nacho husoma mwanga uliokwisha kupita kwenye skrini. Ukibadilisha skrini umebadilisha kinachosomwa. Kamera za Canon nilizozitaja ambazo huruhusu kubadilisha skrini zina chaguo kwenye menyu yake la kuitambulisha skrini iliyofungwa, ili hesabu irekebishwe, na atakayelisahau atapata picha zenye mwanga usio sahihi na kuilaumu lenzi. Kwa kamera nyingine, dawa ni kupima ukuta uleule, kwa taa ileile na lenzi ileile, kabla na baada ya kubadilisha, kisha kuirekebisha kamera kwa tofauti itakayoonekana. Mwenye kupima mwanga kwa nukta ya katikati ajue kuwa duara la prizimu limekaa hasa palipo na nukta hiyo, na usomaji wake hauwezi kuaminika kama zamani. Kamera kama Nikon F3, ambazo kipima mwanga chake kiko chini na husoma mwanga uliopenya kwenye kioo cha kuakisi, hazina shida hii. Fokasi ya kujiendesha nayo haiguswi na skrini, kwa kuwa mwanga wake huenda chini kabla haujafika juu.

Kuhusu kazi yenyewe ya kufunga, ninachokisisitiza ni usafi na utulivu. Skrini karibu zote za miaka ya karibuni ni za plastiki ya akriliki, na uso wake wa chini una michoro midogo isiyostahimili kidole, kitambaa wala spiriti. Kioo cha kuakisi kilicho chini yake kimepakwa madini upande wa mbele, nacho hukwaruzika kwa mguso mdogo. Kamera ilazwe kwa mgongo, mdomo ukitazama juu, mahali pasipo na upepo. Kishikizo kilicho mbele ya skrini kisukumwe taratibu mpaka fremu yake ishuke. Skrini ishikwe kwa kibano chenye ncha za plastiki kwenye kile kijiulimi cha pembeni kilichowekwa kwa kazi hiyo. Mtu atazame vizuri jinsi skrini ya zamani ilivyokaa kabla hajaitoa, na aangalie kama juu yake kuna fremu nyembamba za chuma au plastiki, kwa maana hizo ndizo zinazoweka urefu, nazo hudondoka kwa urahisi na kupotea. Skrini mpya huingia uso wa ukungu ukitazama chini kuelekea kwenye kioo, na uso unaong'aa ukitazama juu. Ikigeuzwa itaonyesha picha vilevile, lakini mahali pa fokasi patakuwa pamehama kwa sehemu kubwa ya unene wa skrini, na huo si upungufu unaoweza kurekebishwa kwa kingine isipokuwa kuigeuza tena.

Vumbi liondolewe kwa kipulizio cha mpira tu. Punje iliyobaki juu ya skrini huonekana dirishani lakini haiingii kwenye picha, na ningemsihi kila anayeanza aivumilie, kwa sababu skrini nyingi huharibiwa na watu waliokuwa wakifukuza punje moja. Katika kamera za filamu za zamani kuna hatari ya ziada: sponji nyembamba inayopokea pigo la kioo hapo mbele ya skrini huoza na kugeuka ute mweusi unaonata, na kipande chake kikigusa uso wa ukungu hakitoki bila kuacha alama. Sponji hiyo ibadilishwe kwanza, skrini mpya ikiwa bado imo kwenye kasha lake.

Sasa skrini imeingia. Hapa ndipo makala ilipoishia, na hapa ndipo kazi ninayoijali zaidi inapoanza. Kwa lenzi ya f/1.4, picha huvumilia kosa la takriban milimita 0.04 kila upande wa sensa, si zaidi. Skrini mpya ikikaa juu au chini ya mahali pake kwa milimita 0.05, yaani karibu nusu ya unene wa karatasi ya kawaida ya kuandikia, lenzi ya milimita 50 iliyolengwa kitu kilicho mita 1 itakosa kwa karibu sentimita 2. Kosa hilo ni kubwa kuliko nusu ya kina chote cha fokasi tulichokihesabu. Hakuna mtu awezaye kulitambua kwa kuchungulia, kwani dirishani kila kitu kitaonekana kimekaa sawa, na duara la kukata picha litaungana kwa ukamilifu mahali pasipo sahihi. Ndiyo maana nasema kwamba skrini kali isiyopimwa ni ya hatari kuliko ile laini ya mwanzo: ile laini humwacha mtu na shaka, nayo shaka humfanya apige picha za akiba.

Kipimo hakihitaji maabara. Kamera iwekwe kwenye stendi imara, lenzi ikiwa wazi kabisa, mbele yake kuwe na maandishi yaliyosimama wima na rula iliyolazwa kando yake kwa mshazari, sifuri ya rula ikiwa sambamba na maandishi. Mtu afokasi kwa kuchungulia, apige, avuruge fokasi, arudie mara kadhaa, mara akitokea upande wa karibu na mara upande wa mbali, kisha alinganishe. Picha zikitawanyika huku na huku ya sifuri, kinachoyumba ni mkono au jicho. Zikikaa pamoja lakini mbele au nyuma ya sifuri, kilichokosea ni urefu wa skrini. Wenye kamera zinazoonyesha picha moja kwa moja kwenye skrini ya nyuma wana njia ya mkato: wafokasi huko nyuma kwa kukuza picha hadi mwisho, wazime, kisha wachungulie bila kugusa lenzi, waone kama dirisha linakubaliana. Kwa kamera ya filamu, kipande cha kioo kilichochubuliwa upande mmoja huwekwa mahali pa filamu, upande uliochubuliwa ukitazama lenzi, shata (pazia linalozuia mwanga) ikiwa imeachwa wazi kwenye B, mkao unaoiacha wazi muda wote kitufe kinapobonyezwa, na picha hukaguliwa kwa lenzi ya kukuzia.

Marekebisho hufuata mwelekeo mmoja ambao ningependa wasomaji wako waukumbuke. Ukali ukiangukia nyuma ya kitu kilicholengwa, skrini iko mbali mno na kioo na inapaswa kushushwa. Ukiangukia mbele yake, skrini iko karibu mno na inapaswa kupandishwa. Katika kamera ambazo fremu nyembamba za kujazia hukaa juu ya skrini, kuongeza unene huko huishusha skrini na kupunguza huipandisha. Ambapo zimewekwa chini, mambo ni kinyume. Unene ubadilishwe kidogokidogo, kwa milimita 0.05 au chini ya hapo, na kila badiliko lifuatwe na kipimo kipya. Baada ya katikati kukubali, kushoto, kulia, juu na chini navyo vikaguliwe kwa kulenga kitu bapa kama ukuta wenye maandishi, hasa kwa skrini iliyokatwa kwa mkono, ambayo inaweza kuwa sahihi katikati na kukosea pembeni kwa sababu imelala upande. Ikiwa juu na chini vinatofautiana, kosa huenda ni la pembe ya kioo cha kuakisi chenyewe, na hilo lipelekwe kwa fundi, kwa kuwa kukigusa kioo hicho kunaweza kuivuruga na fokasi ya kujiendesha.

Najua wapo watakaojibu kwamba yote haya yamepitwa na wakati, kwamba kamera zisizo na kioo humwonyesha mtu picha halisi kutoka kwenye sensa, huikuza na hata kuzipaka rangi kingo zilizo kwenye fokasi. Ni kweli, na kwa kazi ya stendi, kama kupiga picha za bidhaa au nyaraka, sina hoja ya kuwapinga. Lakini kamera zenye kioo ziko mikononi mwa watu wengi mno, zikiwa nzima na zenye uwezo wa miaka mingi ijayo, na wenye kamera za filamu hawana sensa ya kutazama. Kukuza picha nako humwonyesha mtu kipande kidogo na kumnyima fremu nzima kwa wakati uleule ambao mtu anayepigwa picha anasogea. Taa ndogo ya uthibitisho inayowaka ndani ya dirisha fokasi ikikaribia, ambayo makala iliitaja kama mbadala, hubaki imewaka katika eneo pana kuliko kina cha fokasi cha lenzi ya f/1.4, na husoma tu mahali palipo na nukta ya fokasi; inafaa kumfikisha mtu karibu, na hatua ya mwisho inabaki kuwa ya jicho na skrini.

Nina ombi, Mhariri. Ukurasa wako ukirudia mada hii, tafadhali wachapishieni wasomaji mchoro wa kile kipimo cha rula pamoja na maelezo ya kushusha na kupandisha skrini, kwa ukubwa wa kutosha kukatwa na kuwekwa kwenye mkoba wa kamera. Vilevile wahimizeni mafundi wanaovunja kamera zilizokufa wasizitupe skrini zake wala zile fremu nyembamba za kujazia, hasa za kamera ambazo watengenezaji wameacha kuziuzia vipuri. Wazifunge kwenye karatasi laini, waandike juu yake jina la kamera na unene uliopimwa kwa maikromita, ili anayezihitaji azipate zikiwa na kipimo chake.

Wako,
Msomaji wa ukurasa wa teknolojia